Kaa Amekaa

Shangazi alinipa karatasi tukiwa kwenye matatu, siti ya nyuma kabisa, tunatoka kliniki. Alikuwa ameikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya leso, vile wazee wa kwetu hufunga pesa. Akaniambia, "Hebu soma. Si wewe ndiye ulienda university."

Sikumkumbusha kwamba nilitoka. Kwa familia yetu mimi bado niko mwaka wa pili, milele. Niliacha biokemia baada ya karo kuisha na, nikisema ukweli wote, baada ya hamu kuisha mapema kuliko karo. Kiswahili cha vyuoni huita sehemu kama ile niliyoitoroka kitivo, neno ambalo maana yake ya zamani ni ardhi yenye rutuba. Basi mimi sikuota.

Nikaifungua. Ilikuwa ripoti ya maabara, ya kile walichomtoa kwenye operesheni. Mstari wa tatu ulikuwa na neno refu kuliko jina la mtu yeyote kwetu: "adenocarcinoma". Chini kidogo, tezi 12 zimechunguzwa, hakuna "metastasis".

"Kaa wa tezi," nikasema kwa sauti, bila kufikiria. "Halafu wanasema hajahama."

"Kaa gani?" Shangazi akauliza. Makanga naye alikuwa anataka nauli, kwa hiyo swali likabaki hewani hadi Pangani.

Nitalijibu, lakini kwanza niseme nilijuaje, maana sikujulia darasani. Miaka mitatu sasa nalipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia watu insha zao. Wengi ni wanafunzi wa uuguzi wa ng'ambo ambao sitawahi kuwaona uso. Wanalipa kwa ukurasa, mimi naandika usiku, wao wanapata alama. Ndiyo, aliyeacha chuo anawafanyia kazi walio chuoni. Aibu yake naijua, tuiache kwa siku nyingine. Ila ukiandika kurasa nane kuhusu figo saa tisa usiku, unaanza kusikia vipande vikijirudia kama kiitikio. "Nephro" kila mahali penye figo, "itis" kila mahali panapowaka moto. Nikaanza kuvifungua kimoja kimoja ili nisilale. Na nilichokuta ndani kilinikasirisha kidogo.

Nilikuta vitu vya nyumbani. Panya, uzi, chumba, mwanasesere, ng'ombe. Miaka yote ile nilidhani maneno ya sayansi yalishuka yakiwa yameshapigwa pasi, kumbe ni watu walikuwa wanatazama kitu na kusema kinafanana na nini, halafu wanakisema kwa Kigiriki au Kilatini. Kile kitabu cha biolojia tulichobeba kwenye mabegi ni mkusanyiko wa tamathali za usemi mnene kuliko diwani yoyote tuliyowahi kusomeshwa kwa fasihi, na hakuna aliyetuambia. Tulipewa kama mtu anayepewa barua iliyofungwa na kuambiwa akariri bahasha.

Chukua "mitochondria". Mwalimu wetu wa bio, kidato cha pili, aliandika ubaoni, akasema hicho ndicho kiwanda cha nguvu cha seli, mkariri. Tukakariri. Hadi leo ukiniamsha usiku wa manane nitakuambia. Sasa Mjerumani aliyeliunda neno lenyewe mwaka 1898, Carl Benda, alikuwa anachungulia kwenye hadubini na kuona vitu ambavyo vingine vilikaa kama uzi na vingine kama punje. Akachukua "mitos", uzi, na "chondrion", kipunje. Punje-uzi. Hivyo tu. Kazi ya punje hizo ilikuja kueleweka miongo kadhaa baadaye. Ni kama mtu anavyoitwa Mrefu mtaani kabla watu hawajajua anafanya kazi gani.

Ukishafungua moja unataka kufungua yote. "Cell" ni "cella", chumba kidogo cha Kilatini. Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama, akaona vitundu vingi vilivyopangana kama sega la nyuki, akaandika hivyo kwenye kitabu chake cha 1665. Sisi tukachukua "seli" tukaitumia pande zote mbili, ya biolojia na ya polisi, na sidhani tulikosea, maana zote ni vyumba vidogo. Kwa Nairobi ningependekeza bedsita, lakini nani ataniuliza.

"Muscle" ni panya mdogo. Walio gym wasikilize: "musculus", kipanya, pengine kwa sababu ukikunja mkono kitu kinakimbia chini ya ngozi. Wagiriki walikuwa na picha iyo hiyo, "mys" kwao ni panya na pia ni msuli, ndiyo maana kila neno la moyo lenye "myo" ndani lina panya amejificha.

Halafu kuna "pupil", mboni ya jicho. Kwa Kilatini "pupilla" ni mwanasesere mdogo. Ukimkaribia mtu sana, ukamtazama ndani ya jicho, unajiona wewe mwenyewe, mdogo kama mwanasesere. Nililipenda hili hadi nikamwandikia mtu kwenye simu, ambaye hakujibu. Neno letu, mboni, lina mzizi mmoja na kuona. Ni safi, linaeleza kazi, halipotezi muda. Lakini hapa nawapa Warumi pointi. Mboni inahitaji jicho moja tu. Mwanasesere wa Kilatini hapatikani mpaka wawe watu wawili, na wawe karibu.

Sasa kumbuka tulivyocheka. Somo la Kiswahili, mwalimu akatuletea msamiati wa sayansi, akaandika "usanisinuru". Darasa likaanguka. Kuna jamaa alipachikwa jina hilo hadi tukamaliza shule. Nimefikiria sana ni nini hasa kilituchekesha, na jibu langu ni kwamba tulisikia nuru. Ilikuwa pale, wazi, nuru ya kawaida, ile ya nyimbo za kanisani na ya jina la msichana wa pale Bee. Tulikuwa tumeshafunzwa, bila mtu kusema, kwamba neno la sayansi halifai kusikika. Likisikika limeshajishusha. Na "photosynthesis" je? "Photo" ni ya nuru, "syn" ni pamoja, "thesis" ni kuweka. Ni neno lile lile, kiungo kwa kiungo. Mgiriki angelisikia angeona ni neno la kawaida tu, na pengine naye angelicheka. Sisi hatukuwa na namna ya kulicheka kwa sababu hatukuwa tunalisikia.

Na hata lenyewe halikuzaliwa limetawala. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Charles Barnes, alikuwa anatafuta jina la kile majani yanachofanya juani, na chaguo lake la kwanza lilikuwa "photosyntax". Sintaksia ya nuru! Majani yanatunga sentensi kwa jua. Wenzake wakapenda lile jingine, lake yeye likafa. Mimi nalililia hadi leo, kama shabiki wa timu iliyofungwa dakika ya mwisho.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu chetu. "Usanisinuru" nina shida nalo pia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ile ya TUKI ya Dar es Salaam ya mwaka 1990, ni kazi kubwa na nawavulia kofia waliokaa chini kuifanya. Lakini mlango wa neno hili umefunguliwa nusu. Nuru tunaijua, "usanisi" hakuna anayeutumia Umoja wala Kayole wala nyumbani kwa huyo mwalimu. Ukiondoa Kigiriki kisichosikika ukaweka Kiswahili kisichosikika, mwanafunzi yuko pale pale. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alikuwa fundi zaidi, kwa maoni yangu. Tarakilishi, neno linalohusishwa naye, limeshonwa kwa tarakimu na akili, na mshono hauonekani. Lilishindwa mtaani na kompyuta, sawa, lakini halikushindwa kwa ubaya. Watu husema maneno ya kuundwa hivi yamelazimishwa. "Television" nayo imeshonwa kichwa cha Kigiriki na kiwiliwili cha Kilatini, na hakuna aliyeirudisha dukani.

Neno letu lililofaulu kuliko yote naona ni Ukimwi. Upungufu wa kinga mwilini. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa anaweza kulifungua neno hilo peke yake na kukuta ndani ugonjwa wenyewe: kinga imepungua, mwilini. Jaribu kufanya hivyo na lile la Kiingereza kama huna daktari karibu.

Sasa kuna barua moja ambayo imenifanya niache kuyaogopa haya maneno, na inamhusu mtu ambaye hakusoma.

Michael Faraday alikuwa mtoto wa fundi chuma. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa mtu wa kujalidi vitabu, London, ajifunze kazi, na elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma vitabu vya watu kabla hajavishona. Hakuwa na Kigiriki. Kufikia miaka ya 1830 yuko Royal Institution, anapitisha umeme kwenye vimiminiko, anaona mambo ambayo hakuna aliyeyaona, na hana maneno. Ile ncha umeme unapoingilia aiite nini? Na ile unapotokea? "Ncha" za sumaku hakuzitaka, kwa sababu zilimaanisha kitu kinavuta, na yeye hakuamini kuna kitu kinavuta.

Kichwani alikuwa na picha. Alijiambia: tuseme usumaku wa dunia unatokana na mkondo wa umeme unaoizunguka ukifuata jua, kutoka mashariki kwenda magharibi. Basi ukilaza chombo chako kifuate mkondo huo, ncha moja iko upande jua linapochomoza, nyingine upande linapozama. Alijaribu hadi "eastode" na "westode", yaani njia ya mashariki na njia ya magharibi, ambayo inasikika kama majina ya ruti za matatu. Aliona aibu nayo, nadhani. Mwaka 1834 akamwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge aliyekuwa na Kigiriki mfukoni kama sisi tulivyo na chenji. Whewell ndiye huyo huyo aliyeunda neno "scientist". Akajibu: tumia "anode" na "cathode". Njia ya kupanda, njia ya kushuka. Jua linapanda, jua linashuka. Na vile vitu vinavyosafiri ndani ya kimiminiko viite "ion", kinachokwenda.

Nilisoma hayo saa kumi alfajiri nikiwa na insha ya mtu haijaisha, nikaiacha. Maana anodi na kathodi nilizijua. Tulizikariri kwa PANIC, mnaikumbuka, chanya ni anodi, hasi ni kathodi. Ndiyo neno tulilopewa kushikia, wasiwasi mtupu. Kumbe chini yake kulikuwa na jua linachomoza na jua linatua. Na picha hiyo hatukuhitaji kwenda Ugiriki kuitafuta, kwa sababu mashariki na magharibi zetu, tulizozipata kwa Kiarabu, zina maana hiyo hiyo: panapochomoza, panapozama. Mwaka ule wa 1834 Muyaka bin Haji alikuwa hai, Mombasa, anatunga. Laiti Faraday angekosea anwani, barua ikamfikia Muyaka, angejibiwa kabla ya magharibi. Natania, lakini si sana.

Kuna kitu kingine kwenye barua zile ambacho wasifu wa wanasayansi hupita haraka. Mtu aliyekuwa anaona alilazimika kumwomba mtu aliyekuwa na lugha. Whewell hakuvumbua chochote kwenye kile chombo, lakini bila yeye Faraday alidhani hatasikilizwa. Neno la Kigiriki lilikuwa kiingilio. Namwelewa Faraday. Mimi hulipwa kuwa Whewell wa watoto wa watu.

Lakini mlango haukufungwa kwa kila mtu, na ushahidi uko huku kwetu. Mwaka 1952 na 1953 homa moja ililipuka nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Viungo viliuma hadi watu wakatembea wamepinda. Wamakonde wakaiita kwa kitenzi chao cha kupinda, na waliokuja na vioo na sindano hawakuandikia Cambridge. Walichukua neno lilivyo: chikungunya. Mwaka 1959 ikaja nyingine kaskazini mwa Uganda, Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, kwa vile viungo vinavyolegea, na jina likaingia kwenye majarida ya tiba hivyo hivyo, na nukta yake ya juu. Chikungunya ilipofika Lamu na Mombasa mwaka 2004, watu wa Pwani walikuwa wanaumwa kwa neno la majirani. Wamakonde wenyewe Kenya iliwatambua rasmi kama kabila la 43 mwaka 2017. Kivimbe cha ajabu: neno lao lilikuwa na pasipoti miaka 60 kabla yao. Na sijawahi kusikia darasa likianguka kicheko kwa sababu ya "chikungunya". Ni kupinda tu, kwa Kimakonde. Hatulisikii, kwa hiyo tunaliheshimu.

Hadi hapa nadhani nimeuza mizizi vizuri. Zimejaa mtandaoni orodha zinazoahidi kwamba ukikariri mizizi 100 ya Kigiriki na Kilatini utaelewa lugha yote ya udaktari, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika moja, dola chache. Sasa nataka kuzikosoa, kwa sababu zilinitia aibu.

Mzizi wa neno unakuambia aliyeliunda alikuwa anafikiria nini siku ile. Haukuambii kama alikuwa sahihi. Lavoisier alipobatiza oksijeni, alichukua "oxys", kikali, na mzizi wa kuzaa. Kizazi cha asidi. Aliamini kila asidi ina oksijeni ndani. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba ile asidi tunayoijua kutoka maabara ya shule, inayotengenezwa na haidrojeni na klorini, haina hata tone la oksijeni. Kosa likabaki kwenye jina. Tumelikopa na sisi, tunalivuta kila sekunde. "Atomu" maana yake isiyokatika. Imekatwa, na Hiroshima inajua. "Vitamini" iliundwa na Casimir Funk mwaka 1912 akidhani zote ni amini, na ilipogundulika sivyo, wakakata herufi moja ya mwisho kwa Kiingereza, "e", kama mtu anayefuta kosa kwa ukucha. "Hysteria" waliita kwa jina la mji wa mimba, wakawatibu wanawake kwa karne nyingi kwa msingi wa neno tu. Hilo la mwisho si la kuchekesha.

Mara nyingine mambo hugeuka vizuri. Umeme wa Kiingereza, "electricity", unatoka kwenye kaharabu, ile resini ya njano ambayo ukiisugua inavuta vitu vyepesi. William Gilbert aliingiza jina hilo kwenye kitabu chake cha 1600. Sisi Kenya tunasema stima. Ukifungua kamusi, stima ni meli ya mvuke, kutoka Kiingereza. Kwa nini tuliita umeme meli, waulize waliotutangulia. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka Olkaria, ambako mvuke kutoka ardhini ndio unaozungusha mitambo. Neno lililokuwa si sahihi limesubiri hadi likawa sahihi. Oksijeni ilianza kwa kuwa kweli ikawa uongo, stima ikaja njia ile ile kinyumenyume.

Turudi kwenye matatu. Tulipopita Pangani nikamjibu Shangazi.

Nilimwambia kwamba Wagiriki wa zamani, wale wa vitabu vya Hippocrates, waliita uvimbe ule "karkinos", kaa. Kwamba Galen, karne ya pili, aliandika kuhusu uvimbe wa titi na mishipa iliyovimba kuuzunguka kama miguu ya kaa. Kwamba Warumi waliposema "cancer" walikuwa wanasema kaa. Kwamba Waarabu walipotafsiri tiba ile walisema "saratani", na saratani ni kaa. Sisi tukalipata moja kwa Waarabu na jingine kwa Waingereza, kwa hiyo yeye anaposema kansa kliniki, na redio inaposema saratani, wote wanamtaja mnyama mmoja.

Akanyamaza kidogo. Akasema kaa alimwona mara moja tu maishani, Mombasa, kwenye harusi, na alikataa kumla. Kisha, "Na hiyo nyingine?"

"Metastasis. Ni kuhama. Kutoka pale ulipokuwa umesimama."

"Na wanasema hajahama."

"Kwenye hizo tezi walizoangalia, hajahama."

"Basi kaa amekaa," akasema, na akacheka hadi mama wa siti ya mbele akageuka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu Januari. Ningeishia hapo ningekuwa msomi.

Ila nilikuwa nimenoga. Kulikuwa na maneno mawili zaidi kwenye karatasi, "moderately differentiated", na mimi hayo niliyaona rahisi, hata mizizi hayahitaji. Kutofautiana, kiasi. Nikamwambia, "Hapa wanasema imetofautiana na mwili wako kiasi tu, si sana. Ni vizuri." Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akairudisha kwenye leso, na akashuka akiwa mwepesi.

Siku mbili baadaye nilikuwa naandika insha ya mwanafunzi mmoja kuhusu uvimbe wa utumbo. Nikafika kwenye maneno yale yale. "Differentiated" kwa madaktari haimaanishi seli zimekuwa tofauti na mwili. Inamaanisha zimekomaa na kujipambanua kama seli za pale zilipotoka, yaani bado zinafanana na wenzao wazima. Zikifanana sana, afadhali. Zisipofanana, ni kali zaidi. Kwa hiyo usomaji wangu ulikuwa umegeuzwa juu chini. Ingekuwa imeandikwa kwamba zimejipambanua vibaya, lile daraja baya kabisa, mimi ningemwambia tofauti ni ndogo, ashukuru Mungu. Iliyoandikwa ni ya kati, na ya kati ni ya kati. Niliweka nukta kwenye ile insha nikakaa nikiangalia ukuta. Ile "A" haikuwa yangu na bado ndiyo iliyonisahihisha.

Nikampigia. "Shangazi, ile karatasi. Kuna mahali nilisoma vibaya."

"Kwa kaa?"

"Hapana, kaa ni kaa. Ni pale niliposema kiasi."

Kimya. Nikasikia redio nyuma yake, na kuku. Halafu akasema, "Mimi nishawaambia watu wa kanisa kwamba ni kidogo."

Sikuwa na mzizi wa hilo. Nikamweleza nilichojua, kwamba ni daraja la kati, kwamba neno hilo peke yake halisemi atapona au hatapona, kwamba anayeweza kusema ni daktari akiweka yote pamoja, na kwamba safari hii nitaingia naye ndani nisibaki kwenye benchi. Akauliza kama daktari atakubali kuongea Kiswahili. Nikasema tutamwomba.

Kliniki ni Alhamisi. Tumeandika maswali manne nyuma ya ile ile karatasi, kwa mwandiko wake, kwa sababu wangu anasema hausomeki. La kwanza: ya kati, maana yake nini kwangu mimi. La nne sikulielewa hadi aliponieleza. Anataka kuuliza kama kaa huyo ametolewa wote, na miguu.